Tuisheni ya kemia Chikongola, nimelipa miezi miwili sasa naongea

Wana Mtwara mnaoniuliza inboksi kuhusu tuisheni ya kemia ninayompeleka mdogo wangu, nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika mara moja hapa. Jina sitaji maana kuna mambo nitalalamika huko chini.

Ada 20,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, notisi unanunua kando 3,000. Banda la bati, feni hakuna, saa tisa mchana mnaijua wenyewe ilivyo hapa kwetu. Wanasema wanaanza saa nane, waongo.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu na kemia alikuwa anapata F kama mimi kaka yake enzi zangu, yaani ukoo wetu na kemia hatujawahi hata kusalimiana. Siku ya kwanza nikasema ngoja nikae benchi la nyuma nione hela yangu inaenda wapi. Ticha kaanza na atomi, hapo kapita kama daladala inayowahi abiria: kiini katikati, ndani yake protoni na nyutroni, elektroni ziko nje kwenye sheli (mizunguko yake), ya kwanza mbili, ya pili nane, futa ubao. Binti mmoja akauliza, mwalimu, protoni zote si chaji chanya, sasa mbona hazifukuzani humo ndani? Akajibiwa hilo utalikuta mbele ya safari. Hapo nilimkata maksi, swali zuri kuliko somo lenyewe.

Ila kwenye bondi, yaani atomi zinavyoshikana, jamani, nimemvulia kofia. Kamwaga korosho mezani (tuko Mtwara, angetumia nini), korosho moja ni elektroni moja, kahesabu 11 za sodiamu kazipanga 2, 8, 1, halafu 17 za klorini 2, 8, 7, akamuuliza kijana, wewe mwenye moja nje na huyu anayetafuta moja tu atimize nane, nani amsaidie mwenzie? Korosho ikahama. Mtoaji kawa chanya, mpokeaji kawa hasi, wanavutana, hiyo ndo chumvi yako ya mchuzi. Kwenye maji na gesi akabadilisha, hakuna anayetoa, wanachangia, korosho mbili zinakaa katikati na kila upande unazihesabu kuwa zake.

Sasa nishati. Akauliza darasa, bondi ikivunjika nishati inatoka au inaingia? Banda zima INATOKAAA, na mimi mtu mzima nimo. Wote tumekosa. Kuvunja ndo kunakula nishati, kuunda ndo kunatoa. Akasema ndo maana gesi ya Msimbati, ile iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, haijiwakii yenyewe kwenye jiko mpaka uipe moto wa kiberiti kwanza, bondi zianze kuachana. Akapiga hesabu ya methani, ndo hiyo gesi yenyewe, ubaoni, kuvunja bondi za methani na oksijeni inaingia kilojuli 2,648 kwa moli (kipimo cha kemia cha wingi wa chembe), kuunda za kabonidayoksaidi na maji inatoka 3,462, tofauti 814 ndo inayoivisha ugali wako. Nikamwambia ticha mbona kitabu cha mdogo wangu kina 890, akacheka, "kaka mkubwa umesoma nyumbani eh?" kisha akaeleza kwamba za ubaoni ni wastani wa bondi na maji bado ni mvuke, ile 890 inahesabu na joto linalotoka mvuke ukigeuka maji. Nilitoka hapo najiona daktari.

Wiki iliyofuata kaja na chokaa ambayo haijazimwa, kaweka kwenye ndoo ya bati, kamwagia maji, ikatokota yenyewe bila moto. Joto linatoka, eksothemiki. Kinyume chake ni tanuu, matumbawe yanakula moto mkali ndo yanaachia hewa ya ukaa yanageuka chokaa, joto linaingia, endothemiki. Bibi yetu Mikindani alikuwa anatufukuza kwenye shimo la chokaa, leo ndo nimemwelewa. Lakini ticha, watoto wa benchi la mbele walikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye ndoo na hakuna hata mmoja mwenye miwani, ile kitu ikirukia jicho si mchezo! Nilimwambia, akasema atalifanyia kazi, sijaona.

Na notisi msinunue. Ukurasa wa pili wamechora atomi ya klorini 2, 8, 8, hiyo ni ayoni tayari, ishapokea elektroni ya mwenzie, siyo atomi, mtoto akikariri hivyo kwenye mtihani anaumia. Fotokopi yenyewe imefifia utadhani imepigwa kwa majivu.

Mdogo wangu katoka 22 kaja 41, D, siyo maajabu ila kwa ukoo wetu tumechinja kuku. Mwezi wa tatu nalipa. Nimemnunulia na miwani ya plastiki ya mafundi dukani kwa 4,000, anaona aibu kuivaa, anasema kaka unanifanya nionekane fundi geti.