Tochi ya kukatia chuma kwa gesi: ya kwanza ilinila, ya pili ndiyo ninayofanyia kazi

Nilipomwambia mama watoto kwamba nimelipa shilingi elfu kumi na nne kwa tochi, aliniuliza kama taa ya simu yangu imeharibika. Sikumlaumu. Hata dukani ukisema tochi ukanyamaza, unaweza kuletewa ile ya betri. Ninayoizungumzia hapa ni ya mafundi wa chuma, yenye mipira miwili nyuma, mmoja wa oksijeni na mmoja wa gesi, na wenzo ambao ukiukandamiza chuma cha unene wa kidole gumba kinaachana.

Karakana yangu iko Kariobangi Light Industries, Nairobi. Kazi nyingi ni mageti, fremu za chuma za mahema na trela ndogo, na mara kwa mara kubomoa chasisi za lori zilizochoka. Kwa miaka mingi nilikata kila kitu kwa grainda. Kwa angolaini na pleti nyembamba grainda bado ndiyo mwenyewe, na asikudanganye mtu ununue tochi kwa sababu ya mageti. Lakini siku nilipoletewa pleti ya milimita 20 nikate miduara minane, nilimaliza diski kama mtu anayekula njugu, halafu saa nane mchana stima ikapotea mtaa mzima hadi usiku. Mteja alikuja jioni akanikuta nimekaa juu ya pleti yake.

Tochi ya kwanza niliinunua mwaka 2021 kwa elfu nne na mia tano, katika duka moja mjini. Jina lake lilikuwa kwenye stika, na stika ilibanduka siku ya pili. Muuzaji aliniapia kwamba inatumia gesi yoyote. Nami nilikuwa na mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 13, nikaona mambo yamejipa.

Hayakujipa. Moto ulikuwa unaruka kutoka kwenye nozeli, ule mdomo wa tochi, unasimama hewani kidogo, halafu pa! unazimika. Nikipunguza oksijeni unatulia, lakini unakuwa wa manjano na mvivu, chuma kinapata joto la chai tu. Nilipigana nao asubuhi nzima. Mzee mmoja jirani, aliyeanza kazi hii enzi za kutengeneza gesi ya asetilini ndani ya pipa kwa mawe ya kabaidi na maji, alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kuvuka barabara.

"Kijana wangu, hiyo gesi ni ya wapi?"

"Ni ya kupikia, mzee."

"Na hiyo nozeli?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia niitoe, akaigeuza. "Uso wake ni bapa. Hii ni ya asetilini. Gesi ya mama jikoni inataka nozeli yenye kishimo mdomoni, moto ukae humo kama kuku kwenye kiota."

Basi huo ndio ujinga ulionigharimu zaidi, na bado naona vijana wakiurudia. Asetilini huwaka kwa kasi kubwa, kwa hiyo moto wake hung'ang'ania hata uso bapa. Gesi ya kupikia huwaka polepole, ukiisukuma kwa nguvu inaukimbia mdomo wa nozeli. Nozeli ya asetilini mara nyingi ni kipande kimoja cha shaba nyekundu. Ile ya gesi ya kupikia ni vipande viwili, ganda la nje na kiini cha ndani chenye mifereji midogo kuzunguka pande zote. Kwenye nozeli za mtindo wa Kiingereza, ambazo ndizo nyingi hapa kwetu, utaona zimechongwa ANM kwa asetilini na PNM kwa gesi ya kupikia. Herufi tatu tu. Laiti ningezijua, ningeokoa karibu nusu mtungi wa oksijeni.

Nilipata nozeli sahihi, lakini ile tochi yenyewe ilikuwa na lake. Vali ya gesi ilivuja kwenye shina. Niligundua kwa kupaka povu la sabuni, na povu likachemka kama uji. Nikakaza nati, ikawa ngumu kuzungushwa, nikailegeza, ikavuja. Nikaitundika ukutani.

Ya pili, ile ya elfu kumi na nne, ni ya mtumba. Niliipata kwa fundi aliyekuwa akikata vyuma chakavu, aliyeuza vifaa vyake mwaka 2022 serikali iliposimamisha biashara ya skrapu kwa miezi kadhaa. Nzito, ya shaba ya manjano, mikwaruzo mwili mzima. Tofauti yake kubwa ni mahali gesi na oksijeni zinapokutana. Katika ile ya kwanza zilichanganyika kwenye mwili wa tochi, karibu na mkono wangu. Katika hii kila moja inasafiri kwenye mrija wake hadi kichwani, na zinachanganyika ndani ya nozeli. Moto ukitaka kurudi nyuma, hauna mchanganyiko mrefu wa kuuteketeza. Ukishika ushauri wangu mmoja wa kununua, ni huu: tafuta inayochanganyia kwenye nozeli, hata kama ni kuukuu. Angalia kiti cha nozeli kichwani kisiwe na mikwaruzo, fungua na ufunge vali zote, bonyeza wenzo uone unarudi wenyewe. Rangi isikushughulishe.

Watu huniuliza kwa nini sikuhamia asetilini. Mzee wangu wa jirani haamini kitu kingine, na kuna kazi ambazo ana haki. Moto wake na oksijeni unafika nyuzi 3,100 hivi za Selsiasi, wa gesi ya kupikia uko karibu 2,800, na tofauti hiyo unaiona unapoanza mkato: yeye anahesabu sekunde chache chuma kimeiva, mimi bado nasubiri. Tena asetilini inachomelea, gesi ya kupikia hailehemu chuma ipasavyo. Anayetengeneza bodi za matatu na anataka tochi moja kwa kukata na kuchomelea, achukue asetilini. Mimi kuchomelea natumia mashine ya stima, kwa hiyo nahitaji kukata tu, na gesi ya kupikia naipata kona yoyote hata Jumapili jioni.

Asetilini pia ina masharti ya bibi harusi. Ndani ya mtungi imeyeyushwa katika asetoni, kwa hiyo mtungi husimama wima; ukiulaza, asetoni inakuja na gesi. Haitumiwi kwa presha inayozidi bar moja hivi, maana ikibanwa zaidi inaweza kulipuka yenyewe bila hewa. Na usiivute kwa pupa, kiasi kinachoshauriwa siku hizi hakizidi sehemu moja kati ya kumi za mtungi kwa saa. Gesi ya kupikia haina makuu hayo, ila ina lake: ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inatambaa chini na kujificha kwenye shimo la gereji au mtaro. Baada ya ule mlipuko wa Embakasi wa Februari 2024 majirani walikuja kuniuliza mitungi yangu inalala wapi. Inalala nje, kwenye kizimba cha wavu, na nikawaonyesha.

Sasa pesa. Kila mtu anahesabu bei ya tochi na bei ya gesi, kumbe mla pesa ni oksijeni. Kwa moto wa kupashia tu, ujazo mmoja wa gesi ya kupikia unataka karibu ujazo minne ya oksijeni, wakati asetilini inataka mmoja na kidogo. Hapo hujabonyeza wenzo bado. Kwa hiyo urahisi wa gesi ya kupikia unarudishwa kiasi kupitia mlango wa nyuma, na anayekuambia ni nafuu mara dufu hajawahi kujaza mtungi kwa pesa yake. Mimi nimejifunza kupanga kazi: nachora mikato yote kwa chaki, naipanga pleti, ndipo nawasha. Tochi inayowaka huku fundi akitafuta rula ni pesa inayoungua.

Nikajaribu pia ujanja wa kununua oksijeni ya bei ya chini kwa muuzaji wa mtaani. Mkato ukawa mzito, mavi ya chuma yakang'ang'ania chini kama ukoko wa ugali, nikadhani nozeli imeziba. Nikaisafisha mara tatu. Niliporudi kwa muuzaji wangu wa kawaida shida ikaisha siku hiyo hiyo. Oksijeni ya kukatia inatakiwa iwe safi asilimia 99.5 au zaidi. Ikipungua asilimia moja tu, kasi ya kukata huanguka kwa karibu robo.

Maana tochi haiyeyushi chuma, ingawa hata mafundi husema hivyo. Moto unakipasha hadi kiwe chekundu cha kung'aa, karibu nyuzi 900, halafu ule mkondo wa oksijeni ndio unaokichoma chenyewe, kama kuni. Kutu inayozaliwa hapo huyeyuka kabla ya chuma chenyewe kuyeyuka, ikapulizwa nje. Ndiyo sababu haikati sitenlesi wala alumini, ambazo kutu yake haikubali kuyeyuka kabla yake, na chuma cha kumimina kinasumbua. Mteja aliwahi kuniletea sufuria kubwa ya sitenlesi ya hotelini, nikate upande. Nilimrudisha kwenye grainda, akadhani namkwepa.

Mkono unahitaji wiki mbili kuzoea. Kwa pleti ya milimita 12 natumia nozeli ya inchi 3/64, oksijeni bar 2 hivi, gesi chini kabisa. Naanzia ukingoni, ncha za vimoto zikiwa milimita chache juu ya chuma. Kikiwa chekundu nabonyeza wenzo taratibu, na macho yangu yote yako chini: cheche zikimwagika moja kwa moja chini ya pleti, natembea. Zikinirukia usoni, nimekimbia sana au sijasubiri joto. Ukingo wa juu ukiyeyuka na kuwa mviringo, moto wangu ni mkubwa au nimezembea. Ikikaa sawa inatoa sauti ya kitambaa kipya kinachochanwa, na ukiisikia mara moja utaitafuta kila siku.

Mwezi Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, mtungi wa kilo 13 huota barafu kwenye kazi ndefu na moto unanyong'onyea. Kuna wanaoupasha kwa moto. Usithubutu. Mimi nabadilisha mtungi, au napumzika chai. Na regyuleta ya jikoni haifai hapa, presha yake ni ndogo. Nunua ya kurekebishika yenye geji.

Kosa langu baya zaidi nililifanya na ile tochi ya kwanza. Nilikata pleti ikiwa imelala juu ya sakafu ya simenti. Sakafu ilipashika, unyevu ndani yake ukatafuta njia, na kipande kikaruka kwa mlio wa fataki kikanipiga shavuni. Sentimita tatu juu na ningekuwa naandika haya kwa jicho moja. Siku hizo nilivaa miwani ya jua ya barabarani, kama wengi. Sasa nina miwani ya kijani ya namba 5, na pleti inakaa juu ya vyuma viwili, hewani.

Vizuia-moto viwili, vile vinavyozuia moto kurudi mtungini, kimoja kwa kila regyuleta, vilinigharimu karibu nusu ya bei ya tochi, na ndicho kitu ambacho sikujuta hata siku moja. Tochi ikianza kufoka kwa ndani kama nyoka, nafunga oksijeni kwanza, kisha gesi. Grisi siisogezi karibu na nati za oksijeni hata zikikwama, kwa sababu mafuta na oksijeni ya presha hushika moto bila kiberiti. Na pipa lililowahi kubeba petroli silikati kwa bei yoyote. Mwenye nalo namwelekeza Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, wale wanayapasua kwa patasi na nyundo tangu zamani.

Kuhusu maziwa: mafundi tunakunywa paketi tukimaliza kukata mabati yenye zinki, tukiamini yanasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi ulikwenda mapafuni. Mimi bado nakunywa, kwa kuwa nayapenda, lakini zinki naikwangua kwanza na kukatia mahali pa upepo.

Miaka inakwenda sasa na nimebadilisha raba za vali mara moja na nozeli mbili, moja nikiwa nimeiharibu mwenyewe kwa kuichokoa na waya wa kawaida badala ya sindano zake. Mkato wa mstari mrefu bado unanitoa jasho kwa mkono mtupu. Nimeona kigurudumu kidogo kinachofungwa kichwani mwa tochi ili kitembee juu ya angolaini, na nimeshamwambia mwenye duka asikiuze hadi mwisho wa mwezi.