Mchanga wa paka wenye manukato: tathmini baada ya miezi minne

Tathmini hii inahusu seti ya choo cha paka niliyoinunua katika duka moja la mahitaji ya wanyama hapa Mwanza: sanduku la plastiki lenye kifuniko na mlango wa kusukuma, koleo dogo, na mfuko wa kilo 10 wa mchanga wa udongo uliotiwa manukato ya maua. Seti nzima ilinigharimu shilingi 95,000. Naandika kwa sababu seti hiyo, ambayo muuzaji aliisifu kuwa ndiyo dawa ya harufu, ndiyo iliyomfanya paka wangu aache kukojoa mahali pake na kuanza kukojoa kwenye mkeka, kwenye tenga la nguo chafu na hatimaye kwenye godoro la mtoto. Tena kwa sababu nilikaa majuma sita nikimlaumu paka kabla sijafikiria kuuchunguza mchanga.

Sina budi kueleza kwanza hali yetu, kwa maana tathmini ya kifaa cha paka isiyomweleza paka mwenyewe haimsaidii mnunuzi. Sato ni dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka minne, tuliyempata akiwa mdogo kutoka kwa mama mmoja anayeuza dagaa karibu na Mwaloni, Kirumba. Tulipokuwa tukiishi Igoma alikuwa na uwanja wake: alichimba udongo laini chini ya mpapai, akajisaidia, akafukia, akarudi ndani. Mwezi wa Januari tulihamia ghorofa ya pili huku Nyamanoro, ambako nje ni saruji na miamba mitupu, na barabara ina pikipiki nyingi mno kumwacha paka atoke. Kwa hiyo nilimnunulia seti ile nikiamini nimemtendea mema.

Majuma mawili ya mwanzo alilitumia sanduku. Juma la tatu akaanza kuingiza miguu ya mbele tu, akaikung'uta mmoja baada ya mwingine kana kwamba amekanyaga maji, kisha akageuka na kuondoka. Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea, alinishauri bila kuficha: “Mwanangu, paka akishaonja godoro hafundishiki tena. Mrudisheni mwaloni akale matumbo ya samaki.” Jirani naye alisema nimsugue pua kwenye mkojo wake. Hilo sikulifanya, lakini nilimfokea, na kumfokea kulizidisha tatizo, kwani alichojifunza ni kukojoa wakati ambapo simwoni.

Jambo ninalolishauri kabla ya yote, nalo halimo katika maelezo yaliyobandikwa kwenye mfuko, ni kumwita daktari wa mifugo kabla ya kununua kifaa kingine chochote. Daktari niliyeelekezwa alikuja nyumbani kwa pikipiki siku ya Jumamosi, akakaa nasi karibu saa nzima, akatoza shilingi 30,000 pamoja na gharama ya kipimo. Nilikuwa nimejiandaa kulalamika. Yeye akaanza kwa kuuliza.

“Mama, anapokojoa anachuchumaa, au anasimama akiupa ukuta mgongo, mkia umenyooka juu na unatetemeka?”

“Anachuchumaa, daktari, na anaacha dimbwi zima.”

Jibu hilo, alinieleza, lilikuwa limekwisha kumwondolea nusu ya mashaka. Paka anayesimama na kurusha mkojo ukutani anaweka alama ya himaya yake, jambo ambalo madume wasiohasiwa hulifanya zaidi na ambalo kwa walio wengi huisha au hupungua sana wakihasiwa. Paka anayekwenda kuchuchumaa mara kwa mara na kutoa tone moja moja, pengine lenye damu, yaelekea ni mgonjwa. Paka anayechuchumaa na kutoa mkojo wa kawaida, ila mahali pasipotakiwa, mara nyingi analikataa sanduku, au kilichomo ndani yake, au mahali lilipowekwa. Hata hivyo daktari hakuridhika na maelezo yangu peke yake. Alimpapasa Sato tumboni akakiona kibofu ni laini, akaniagiza niliache sanduku safi na tupu, lenye shanga chache za plastiki zilizooshwa, kisha nivute mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kumpelekea mara moja. Kipimo hakikuonyesha damu, wala sukari, wala chembechembe za mawe.

Huduma hii naipa alama za juu kuliko kitu kingine chochote nilichokilipia, na sababu kubwa ni kile ambacho daktari hakukiuza. Hakuandika antibiotiki. Alisema kwamba kwa paka wa umri huu maambukizi ya bakteria kwenye kibofu si jambo la kawaida, na kwamba hata wale wenye damu kwenye mkojo wengi wao wana uvimbe wa kibofu ambao huchochewa na misukosuko kama vile kuhama nyumba, mgeni mpya au paka wa jirani anayechungulia dirishani. Kwa paka mzee angetaka pia kupima figo na kisukari, hasa kama anakunywa maji kupita desturi yake.

Kuna onyo moja alilolirudia mara mbili, nami nalirudia hapa kwa uzito uleule. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba na huweza kuziba. Ukimwona dume anaingia na kutoka chooni, anajikamua, analia, anajilamba sehemu za siri na hakuna kinachotoka, usingoje kesho wala usijaribu dawa ya dukani. Mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo, kwa sababu paka aliyeziba huweza kufa ndani ya siku mbili au tatu.

Baada ya ugonjwa kuondolewa katika hesabu, daktari alinielekeza nimwulize paka mwenyewe. Nilinunua mabeseni manne ya kufulia yanayofanana, nikayapanga kwenye kona tulivu ya ukumbi, nikajaza kila moja kitu tofauti kwa kina cha vidole vitatu hivi: ule mchanga wa manukato, maranda kutoka kwa fundi seremala, pumba ngumu za mpunga ambazo watu huchomea matofali, na mchanga wa ujenzi ambao niliuchekecha, nikauosha na kuuanika juani siku mbili. Usiku wa kwanza nilikaa kwenye kochi taa ikiwa imezimwa, nikimwangalia kwa mwanga wa barazani. Alinusa beseni la manukato kutoka mbali kiasi cha mkono mmoja, masharubu yakarudi nyuma, hakusogea zaidi. Akapanda juu ya maranda, akazunguka, akashuka. Alipofika kwenye mchanga alichimba shimo kwa miguu yote miwili, taratibu, kama alivyokuwa akifanya chini ya mpapai, akachuchumaa, akafukia, akanusa, akafukia tena. Nilitokwa na machozi, na sioni haya kuliandika hilo. Majuma sita niliyaita kisirani, kumbe mnyama alikuwa anatafuta ardhi.

Kwa haki ya bidhaa niseme kwamba mchanga ule wa dukani si mbovu kwa kila kitu. Udongo wake ukipata maji hushikamana na kuwa donge gumu linalozolewa kwa koleo bila kuacha unyevu chini, na katika hilo umeushinda mchanga wangu wa ujenzi kwa mbali. Kosa lake ni manukato. Yametiwa kwa ajili ya pua ya binadamu, ilhali pua ya paka ni kali kuliko yetu mara nyingi, na kichwa chake huinama karibu kabisa na udongo huo. Ukiongeza kifuniko kinachozuia hewa isitoke, na mlango wa kusukuma unaompiga mgongoni, unakuwa umemwambia aingie kabatini lililomwagiwa marashi.

Maranda ni ya bei nafuu, hunyonya vizuri, na harufu yake ya mbao husaidia kidogo, lakini hunasa kwenye manyoya na kusambaa hadi jikoni. Tena mwulize fundi kama mbao zake zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na kama zimetiwa, usiyachukue. Pumba za mpunga hazifai. Hazinyonyi, mkojo huteremka wote chini, na upepo wa jioni kutoka ziwani huzipeperusha nyumba nzima.

Mchanga wa ujenzi una taabu zake, nami sitaki mtu adhani nimepata kitu kisicho na kazi. Ni mzito kuupandisha ngazi. Haushikamani, kwa hiyo kinyesi hutolewa kila siku asubuhi na jioni, na mchanga wote hubadilishwa kila baada ya siku tatu, beseni likaoshwa kwa sabuni ya kawaida isiyonukia sana. Kuuchekecha na kuuosha si jambo la kurukwa, kwa sababu lundo la mchanga mtaani ni choo cha paka wote wa mtaa, na mayai ya minyoo humo hayaonekani kwa macho. Mdogo wangu aliye mjamzito haruhusiwi kugusa mabeseni hayo, kwani kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vya toksoplazima; vimelea hivyo huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokilaza kinyesi.

Kuhusu sanduku lenyewe, nililipima kwa futi ya kushonea. Urefu wake ulikuwa sentimita 42, na Sato kutoka puani hadi penye shina la mkia ana sentimita 46. Kipimo alichonipa daktari ni angalau mara moja na nusu ya urefu wa paka, yaani kwake karibu sentimita 70, na hakuna sanduku dukani pale lililokaribia hapo. Beseni refu la plastiki la shilingi 14,000, ambalo nilimkatia upande mmoja uwe chini ili aingie bila kuruka, limefanya kazi kuliko sanduku lile la dukani. Ninayo mawili kwa paka mmoja, katika vyumba tofauti, mbali na sahani ya chakula na mbali na mlango unaopitiwa sana.

Sehemu iliyonichosha kuliko zote ni kusafisha, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Mwanzoni nilimwaga jiki. Jiki likikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kifua, ambayo kwa kweli ni hatari katika chumba kilichofungwa, na bado mahali pale hubaki na harufu anayoitambua paka. Mkojo wa paka una chumvi za asidi ya yuriki ambazo maji na sabuni haviziondoi kikamilifu. Unapodhani zimekwisha, hewa ikipata unyevu zinanuka upya. Ndiyo maana mkeka uliokuwa hauna harufu mwezi wa Februari uliamka wote mvua za Machi zilipoanza.

Kinachozivunja ni dawa yenye vimeng'enya, yaani viambato vinavyozimeng'enya chumvi hizo. Nilitumiwa chupa moja ya lita kwa basi kutoka Dar es Salaam, na naisifu bila kusita, kwa sharti la kufuata maelekezo: imwagwe nyingi kiasi cha kufika kule mkojo ulikofika, iachwe ikiwa mbichi kwa saa kadhaa, isichanganywe na jiki wala maji ya moto. Ili kuyapata madoa yote niliazima kwa wakala wa fedha wa mtaani ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, shuka ziling'aa buluu kwa ajili ya sabuni ya unga, lakini kwenye miguu ya kitanda na nyuma ya tenga yakaonekana mabaka ya manjano ya kijani, saba kwa jumla, ambayo mchana sikuwahi kuyaona hata moja. Godoro la sponji halikuponyeka, tulilitoa.

Chakula nilikibadilisha kidogo tu: dagaa wakavu sasa nawachemsha na kuwamwagia mchuzi wao usio na chumvi, kwa maana paka kwa asili hunywa maji machache, na mkojo mzito si mzuri kwa kibofu chake.

Mchanga uliotumika haumwagwi mtaroni. Mji wetu umekaa juu ya vilima, na kila kinachotupwa mtaroni mvua hukiteremsha hadi ziwani. Naufunga kwenye mfuko na kuungojea pamoja na taka nyingine gari la manispaa.

Sasa ni juma la tisa Sato hajakojoa nje ya beseni, isipokuwa usiku mmoja wa radi kubwa. Juma lililopita nilirudi dukani, nikamweleza muuzaji haya yote kwa utaratibu, nikamwomba alete mchanga uleule wa udongo unaoshikamana lakini usio na manukato yoyote, pamoja na sanduku la wazi lisilopungua sentimita 70. Alisikiliza vizuri, akaandika kwenye daftari lake, akasema wateja huulizia wenye kunukia. Akiuleta usionukia, nitaununua siku hiyohiyo na kuuweka kwenye beseni la pili, kando ya mchanga wa ujenzi, ili Sato achague.