Miezi minne na VPN ya bure, na mjomba aliyejikuta Uholanzi

Nina steshenari ndogo Chikongola, Mtwara mjini: kompyuta mbili, printa mbili na mashine ya fotokopi ambayo umri wake siutaji mbele ya wateja. Kazi kubwa ni kuchapa barua, kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira, na kutoa kopi za vitambulisho vya NIDA. Kwa hiyo majina kamili ya watu, tarehe zao za kuzaliwa na namba zao za simu hupita mikononi mwangu kutwa nzima. Intaneti natumia Wi-Fi ya gesti ya jirani kwa makubaliano: mimi nawachapia vitabu vya risiti, wao wananipa nywila. Nywila yenyewe imebandikwa ukutani pale mapokezi, kila anayelala anaisoma.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alikuja kuchapa ripoti ya mafunzo kwa vitendo, akaniona nafungua barua pepe, akaguna. "Kaka, hapo mtu anakusoma kama gazeti. Weka VPN, za bure zimejaa." VPN ni programu inayopitisha mtandao wako kwanza kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni nyingine, ndipo ufike unakokwenda. Jioni nikaingia Play Store nikachukua moja iliyopakuliwa na mamilioni ya watu, nyota nne na nusu, picha ya ngao. Jina lake naliacha.

Ukiiwasha mara ya kwanza, Android yenyewe inakuonya kwamba programu hii itaweza kufuatilia mtandao wako wote. Maneno yako wazi kabisa. Nikabonyeza Sawa bila kumaliza kusoma, kaalama ka ufunguo kakatokea juu ya kioo, na mimi nikajiona nimejificha.

Miezi miwili ya kwanza sina la kulalamika ila matangazo. Kila kuunganisha, tangazo la kubeti sekunde thelathini. Spidi ilishuka, hasa jioni, lakini barua pepe zilifunguka na maombi ya mkopo yalikwenda.

Kasheshe ilianzia kwenye bando. Nyumbani Magomeni, hii ya hapa hapa Mtwara, natumia bando langu, GB 5 za wiki, nikinunua Jumatatu linanifikisha Jumamosi. Likaanza kukata Alhamisi. Nikapiga huduma kwa wateja, nikagombana na dada wa watu bure, yeye akaniambia kwa upole: "Angalia matumizi ya data kwenye mipangilio ya simu." Nikaangalia. VPN yangu ilikuwa imekula GB 1.7 chinichini, mwezi haujafika hata nusu. Usiku ule nikakata muunganisho wa VPN lakini programu nikaiacha humo humo, nikaandika hesabu kwenye karatasi, nikalala. Asubuhi MB 210 zilikuwa zimekwenda, na simu haijaguswa.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, VPN iliyokuwa na watumiaji wengi duniani, ilikuwa ikitumia intaneti ya watu wake wa bure kupitishia mizigo ya wateja wengine, na njia hiyo ikauzwa kupitia huduma yake nyingine iliyoitwa Luminati. Maana yake, mtu usiyemjua anaingia kwenye tovuti, na anwani ya mtandao inayoonekana kule ni ya kwako wewe uliyelala Magomeni. Siwezi kuapa kwamba yangu ilifanya hivyo. Lakini MB 210 za usiku mmoja si za kusalimia seva.

Ningeifuta siku ile ile. Uvivu tu. Na uvivu huo ukamkuta mjomba.

Ilikuwa Novemba, malipo ya mnada wa korosho yanaingia benki. Mjomba wangu wa Nanyamba alikuwa amenunua simu janja, na kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, akikupa simu uitengeneze husemi una kazi. Nilikuwa nimemwekea programu ya benki, na kwa ujuaji wangu nikamwekea na ile VPN, nikamwachia ikiwaka. Asubuhi moja akapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu niambie, hiki kidude ulichoniwekea kimenipeleka wapi? Benki wanasema kuna mtu anaingia kwenye akaunti yangu kutoka Uholanzi. Mimi niko hapa Nanyamba, chini ya mkorosho."

Ile VPN ilikuwa inampitisha kwenye seva ya Uholanzi, kwa hiyo benki waliona anatokea huko. Alikuwa amejaribu mara tatu na akaunti ikajifunga. Benki siwalaumu, wangeona mkulima wa korosho anaingia kutoka Uholanzi wakakaa kimya, ndiyo ningegomba. Ila ilibidi mjomba apande gari hadi mjini na kitambulisho chake, akae foleni na wakulima wenzake waliokuja kutoa hela, siku nzima imekwisha. Nauli nililipa mimi. Maneno aliyonipa hayaandikiki hapa.

Nilichokuja kukielewa ni hiki. VPN inachimba handaki kati ya simu yako na seva yao. Mwenye Wi-Fi ya gesti na kampuni ya simu wanaona tu kwamba unaongea na seva hiyo. Lakini mwenye seva sasa anayaona yale waliyokuwa wakiyaona wao: unaingia tovuti gani, saa ngapi, kutoka wapi. Hujajificha, umebadilisha wa kukuona. Wa gesti namjua, tunaswali wote Ijumaa. Wa ile ngao simjui hata nchi yake.

Na wapo walioitumia nafasi hiyo. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure kwa jina la ulinzi, kumbe iliwaonyesha wao watu wanatumia programu zipi za washindani. Mwaka 2018 ikaondolewa kwenye duka la Apple. UFO VPN iliahidi kutotunza kumbukumbu za watumiaji, na Julai 2020 kumbukumbu hizo zikakutwa wazi mtandaoni pamoja na nywila. Watafiti wa Australia walipima programu 283 za VPN za Android mwaka 2016, wakakuta asilimia 18 hazisimbi chochote, yaani hazifungi data yako isisomeke njiani. Handaki lenyewe halipo!

Halafu lile gazeti la yule kijana nalo lilikuwa limetiwa chumvi. Tovuti nyingi siku hizi zinaanza na https, maandishi ya ndani yamefungwa tayari, na jirani wa Wi-Fi anaambulia jina la tovuti tu. Google na Facebook ndio kabisa: ukishaingia kwa akaunti yako wanakujua, uwe na VPN au usiwe nayo. Na Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, mtandao ukawa wa kutambaa nchi nzima, nilikuta watu wanashauriana kuwasha VPN. Barabara imekatika, wewe unabadilisha gari.

Simu ya mjomba haina VPN tena. Yangu nimeweka Proton ya bure, ya Uswisi. Haina matangazo wala kikomo cha data, wanaolipia ndio wanaoibeba, na msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda programu, uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kwa bure unapata kifaa kimoja na nchi wanakuchagulia wao, kwangu hilo si neno. Naiwasha kwenye Wi-Fi za watu tu, nikilala Lindi au nikiwa stendi. Nikigusa benki au pesa za simu naizima, natumia bando langu.

Jambo moja yule mwanafunzi hakuniambia: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu, walitoa tangazo kwamba anayetumia VPN ajitambulishe kwao kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule, na adhabu waliyoitaja haipungui shilingi milioni 5 au miezi 12 jela, au vyote viwili. Ukitaka kuweka, anza na fomu yao.

Lakini kilichonifedhehesha zaidi hakimo kwenye VPN yoyote. Baada ya sakata la mjomba nilifungua folda ya mafaili yaliyopakuliwa kwenye kompyuta ya mbele, ile wanayokalia wateja wenyewe. Kopi za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, barua za posa, mikataba ya viwanja, miezi na miezi, mtu yeyote mwenye flashi angejichotea. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mimi nilikuwa nahangaika na Wi-Fi ya gesti.

Sasa mteja akituma kitu, nikishachapa nafuta mbele ya macho yake. Wiki iliyopita mama mmoja hakuridhika. "Baba, na kwenye kale kapipa ka takataka fungua nione." Nikafungua. Kopi yake ilikuwemo, na za wengine wawili.