Kozi ya kusoma ramani za ujenzi hapa Mtwara: karatasi moja iliyoniumiza roho

Hili jambo nilishasema liishe, ila juzi kijana mmoja wa Chikongola kaniuliza eti kaka ile kozi ya ramani uliyosoma inafaa nikalipie, nikashikwa na hasira upya kama limetokea leo asubuhi. Bora niliandike lote.

Mi ni fundi mwashi, mwaka wa kumi na tano huu au zaidi. Nimejenga Mikindani, nimejenga Naliendele, mpaka Tandahimba huko wakati wa malipo ya korosho ambapo kila mtu anataka nyumba ifike lenta ndani ya mwezi. Ramani nilikuwa nabahatisha, naona chumba, naona mlango, yanayobaki mwenye nyumba ananionyesha kwa mkono. Sa kuna saiti moja ya Shangani ikanipita hivi hivi kwa sababu walitaka fundi anayeweza kuisoma mwenyewe. Iliniuma. Nikasema ntalipia nisome, laki moja na nusu, wiki sita, jioni baada ya kazi, na nikamlipia na kijana wangu ninayemfundisha ufundi maana sikutaka na yeye aje akwame nilipokwama mimi. Ilikuwa mwaka jana, mvua zinaelekea kuisha.

Wiki mbili za mwanzo nasema ukweli mbele ya Mungu zilikuwa tamu. Alikuwepo dada mmoja anafundisha taratibu, haoni uvivu kurudia. Kumbe ile ramani ya vyumba ni kama umeikata nyumba kwa msumeno usawa wa mita moja na kitu toka sakafuni, umeondoa sehemu ya juu, unachungulia, ndo maana dirisha unaliona na msingi huuoni! Miaka yote hiyo sikuwa nimeambiwa na mtu. Afu ile mishale yenye A na A, inakuonyesha nyumba imekatwa wapi na unatazama upande gani, mi nilikuwa naipita tu. Na nondo, ukikuta Y12-200 ujue ni nondo ya milimita 12 ile yenye vinundu, unaipanga kila baada ya milimita 200, ukikuta R8 ni ile laini ya kukunjia ringi. Nilikuwa nafika nyumbani namsimulia mke wangu mpaka usiku unaingia.

Wiki ya tatu akaja mwalimu mwingine, na hapo ndo shida.

Kaingia kagawa karatasi, kila mtu moja, zimetoka stationery muda huo zina joto bado. Akasema hii skeli yake ni 1:100, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja saiti, nataka upana wa korido, na korido ilikuwa haijaandikwa kipimo. Akaninyooshea kidole mimi. Nikachukua rula nikapima vizuri, nikapima tena, nikasema milimita 850. Akacheka. Akasema jibu ni 1200, afu akageukia darasa zima, "ndo hawa mafundi wa msimu wa korosho, nyumba zao zinapinda mnashangaa nini". Vijana wakacheka. Na kijana wangu kakaa pembeni yangu, yeye hakucheka, aliinamisha kichwa, na hicho ndo kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka kifua kinabana. Mtu ananiita mwalimu mchana kutwa saiti, jioni anasikia naitwa hivyo.

Usiku sikulala. Nikaitoa ile karatasi nikaanza kupima vile vyumba ambavyo namba zake zimeandikwa. Chumba kimeandikwa 3600, kwa 1:100 kilitakiwa kiwe sentimita 3.6, napata 2.5 na kidogo. Upana wa nyumba nzima 9000, ilitakiwa sentimita 9, napata 6.4 hivi. Nikaangalia kile kiboksi cha pembeni kwenye ramani, kimeandikwa A3. Karatasi niliyoshika ni A4!! Yaani mchoro wa A3 umebanwa uenee kwenye A4, kila kitu kimesinyaa, mita moja imebaki kama sentimita 0.7, kwaiyo 1200 yake lazima isome 850. Nilipima sawasawa kabisa. Karatasi ndo ilikuwa mbovu na kaigawa yeye.

Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo pale pale bila rula. Nyumba 9000 nje kwa nje, vyumba viwili 3600 kila kimoja, kuta nne za 150, toa, unabaki na 1200. Hilo ndo la kumfundisha fundi siku ya kwanza, soma namba iliyoandikwa, kama haipo itafute kwa kujumlisha na kutoa, rula usiweke kwenye karatasi ya kuprintiwa mtaani. Yeye katuambia tupime.

Kesho yake nikamfuata kwa adabu, nikamwita pembeni nisimwaibishe, nikasema mwalimu samahani naomba tuangalie hii karatasi kidogo. Hakuishika hata. "Mzee umekuja kusoma au kunifundisha kazi?" Basi nikanyamaza.

Kwaiyo yule kijana wa Chikongola nilimjibu asiende, hela bora anunue kipimo maji kizuri. Ila nikikaa nikifikiria naona nimemdanganya. Maana miezi michache nyuma nilipata nyumba huku Mangamba, mwenye nyumba katuma ramani kwa WhatsApp, ikaprintiwa A4 kama kawaida, msaidizi anataka kupima kwa rula nikamzuia, tukakaa chini ya mwembe na kijana wangu tunajumlisha namba moja moja. Vyumba na kuta za upande wa nyuma vinazidi jumla iliyoandikwa kwa milimita 300. Karibu futi nzima! Tukampigia mchora ramani akakiri kakosea akatuma nyingine, na msingi hatujachimba bado. Ningechimba nani angenirudishia zege ile. Hiyo akili nimeitoa kule kule kwenye kozi, siwezi kukataa, kwa yule dada na kwa ile karatasi iliyonikesha.

Kwaiyo nenda, kama yule dada yupo bado nenda hata kesho, ukikuta ni yule mwingine sijui nikwambieje, mi nisingerudi hata bure. Hapana, nenda, ila angalia kwanza karatasi unayopewa ni saizi gani na imeandikwa saizi gani.

Laki na nusu yangu siidai. Nataka siku moja aje asimame mbele ya wale vijana, na kijana wangu awepo, aseme tu kuwa siku ile fundi alipima sawa.