Dawa ya ganzi ya meno: maumivu yameisha, mzizi unaoza

Niwasifu kwanza kabla hasira haijanipanda: dawa ya ganzi, yaani ya kuzuia meno kusisimka kwa baridi, waliyonipaka kwenye kliniki moja hapa Arua, Uganda, inafanya kazi. Fizi zangu za kushoto zimeshuka, mizizi iko nje, soda ya friji nilikuwa siigusi, hata upepo wa asubuhi kwenye boda ukifungua mdomo tu unaruka. Wakanipaka, ganzi ikaisha, nikawatangaza kwa majirani wote.

Sasa sikia. Jino moja, pale chini karibu na fizi, lilikuwa na alama ya kahawia, nikipitisha ukucha nasikia palivyo laini kama sabuni iliyolowa. Nikamwonyesha musawo, daktari wa pale. Hata taa hakusogeza, akaendelea kuvua glavu zake, "mama, ulikuja kwa ganzi, ganzi imeisha, unataka nini tena?" Nikauliza na kuoza je, hii dawa inazuia? Akasema jino likiacha kuuma limepona, akaita mgonjwa mwingine mimi bado nimelala kwenye kiti! Banange, mtu mzima na pesa nimeshalipa.

Limepona wapi? Baada ya miezi kadhaa pale pakawa shimo, na musawo mwingine, binti mdogo tu lakini ana adabu zake, akasoma jina la dawa kwenye risiti akanieleza. Ile ni potasiamu nitreti, inatuliza mshipa wa fahamu usisikie baridi basi, madini kwenye jino haiongezi. Ziko nyingine zinaziba vile vitundu vya dentini, ile sehemu ya ndani ya jino, baridi isipite, lakini kuziba si lazima kuwe kuponya. Inayosaidia kurudisha madini ni floraidi, ndio maana vanishi ya floraidi, ile wanayopaka menoni, inapunguza ganzi na mzizi nao unapata nguvu. Na mzizi hauna enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, juu yake, enameli inaanza kuyeyuka asidi mdomoni ikizidi mpaka pH, kipimo chake, ishuke kama 5.5, mzizi wenyewe unaanza mapema kwenye 6 na kitu, yaani asidi inayoletwa na chai ya sukari unayokunywa kidogo kidogo mchana kutwa tayari inaula. Tena kwa mtu wa mizizi wazi ipo dawa ya mswaki ya floraidi 5000 ppm (kipimo cha wingi wa floraidi), hizi za kawaida za dukani ni kama 1000 mpaka 1500. Yule wa glavu angepungukiwa nini kusema hata hilo moja?

Binti akanipaka SDF, ile ya maji yenye madini ya fedha, na kabla hajagusa kitu akaniambia palipooza patakuwa peusi na patabaki hivyo, nikakubali. Peusi kweli, nikicheka panaonekana, lakini pamekuwa pagumu ukucha hauingii. Kinachoniuma zaidi, hiyo SDF Marekani waliiruhusu mwaka 2014 kama dawa ya ganzi ya meno! Kumbe ipo inayotoa ganzi na kuoza ikakusimamishia.

Niseme msiende pale? Ganzi waliniondolea, siwezi kuwanyima haki yao, na bei yao inabebeka, kwa ganzi tu nendeni... hapana, nikikumbuka zile glavu nakataa. Alama ya kahawia kwenye mzizi usiwapelekee kabisa, na hata kama ni ganzi peke yake mwambie awashe taa aangalie mzizi kwanza, akigoma shuka kwenye kiti uondoke na pesa yako.