Duka la noti za kale Chicago: mali wanayo, ila lebo zao kagua mwenyewe

Wakuu, kwa wanaopenda noti za zamani za Marekani, kuna hili duka dogo la sarafu hapa Chicago, jina naliacha kwa sababu ya kasoro nitakayoisema, ila mali wanayo kweli. Zile noti za benki za taifa za 1863 mpaka 1935, ambapo benki ilikuwa inaweka hatifungani Hazina ya Marekani halafu inapewa noti zenye jina lake na mji wake, wanazo droo nzima na hawakuharakishi, unakaa na lensi yako hata saa zima.

Kilichonikuta ni dola kumi ya 1929. Lebo inasema noti ya benki ya taifa, juu imeandikwa National Currency, muhuri wa kahawia, nikajua ndo yenyewe nikalipa. Nafika home naiangalia vizuri, pembeni pale panapotakiwa namba ya benki kuna herufi kubwa G, na jina ni Federal Reserve Bank of Chicago, yaani benki ya Chicago ya mfumo wa benki kuu ya Marekani. Siyo yenyewe hiyo jamani! Hizo zilitoka 1933 wakati mabenki yanafungwa nchi nzima, pesa ikahitajika haraka, wakachukua karatasi zilezile za benki za taifa wakapiga jina lingine, ndo maana zinafanana kama mapacha.

Yenyewe ina namba nyeusi ya chata, yaani usajili wa benki, kushoto na kulia, mfano First National Bank ya hapa Chicago ni 8. Ukiona namba hiyo imerudiwa kwa wino wa kahawia karibu na siriali, yaani namba ya noti yenyewe, basi ni taipu 2, ya kuanzia 1933, na siriali yake haina herufi mwishoni; isiporudiwa ni taipu 1.

Kesho yake nikarudi, mzee wa pale akaiangalia akaomba radhi, akanibadilishia bila maneno mengi, nikaongeza dola 20 nikachukua ya mji mdogo wa huku Illinois, taipu 1, ina mkunjo katikati lakini saini za keshia na rais wa benki zinasomeka safi. Naipenda mno, kila nikiishika nawaza kamji kale kalikuwa na pesa yenye jina lake.

Huduma nawapa 4 kwa 5. Lebo wazirekebishe, maana wakati natoka niliona G nyingine kabatini na lebo ileile.