Mazoezi ya moyo baada ya mshtuko: uzoefu wangu nikiwa na miaka 71

Mwezi uliopita nilimaliza wiki 12 za mazoezi ya moyo, mara mbili kwa wiki, kwenye kitengo cha fiziotherapia cha hospitali moja hapa Dar es Salaam. Naandika kwa ajili ya wazee wenzangu, na zaidi kwa watoto wao.

Mshtuko wa moyo wenyewe ulinipata mwaka jana. Kifua hakikunibana kama watu wanavyosimulia. Nilichoka ghafla, mgongo ukauma, nikatapika, nikasema ni vidonda vya tumbo. Nikawekewa stenti, kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, nikaruhusiwa na mfuko wa dawa na maneno mawili: "Bibi, pumzika." Nikapumzika miezi mitano. Wanangu wakaninyang'anya ufagio, ndoo, hata mchi. Moyo ukidunda kidogo tu, nahisi ndiyo safari. Hospitali waliponiruhusu hakuna aliyenitajia mazoezi haya. Nilikuja kuyasikia kwa jirani. Hilo linaniuma hadi leo, maana miguu yangu iliishiwa nguvu hapo hapo mkekani.

Siku ya kwanza nilipimwa kwa kutembea. Koni mbili kwenye korido, mita 30 kati yake, unakwenda na kurudi kwa dakika sita. Ukichoka unaruhusiwa kusimama. Nilipata mita 190, na mara mbili nilishika ukuta.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni karatasi ya ukutani yenye namba 6 hadi 20, kipimo cha jinsi unavyojihisi kuchoka, alichobuni mwanasaikolojia Gunnar Borg wa Sweden. 6 ni kama umekaa tu, 20 ni mwisho wa nguvu zako. Binti anayetusimamia akaniambia, "Bibi, tunataka 11 hadi 13. Ukiweza kunisimulia ulichopika jana bila kuhema, uko sawa." Nikamuuliza mbona hatuhesabu mapigo. Kumbe dawa ninayokunywa asubuhi inayazuia yasipande, kwa hiyo mapigo peke yake yangetudanganya. Sasa nikipanda ngazi najiuliza: niko namba ngapi?

Mazoezi hayana makuu. Dakika 15 za kupasha mwili, kisha kutembea, kukanyaga baiskeli ya mazoezi, kuinua chupa za maji za nusu lita, na lile lililonitoa jasho: kunyanyuka kitini huku mikono umeikunja kifuani. Wiki ya kwanza mara tatu, nikadondoka kitini puu. Leo mara kumi na mbili. Mwishoni hawakuachi ukae ghafla. Unatembea pole pole kwanza, la sivyo presha inashuka na kizunguzungu kinakupata.

Kasoro zipo. Ukumbi uko juu, choo kiko chini, na wengi wetu tunakunywa dawa ya kutoa maji. Mimi daktari aliniruhusu kuinywa nikirudi nyumbani. Wenzangu wengine waliiacha kabisa siku za mazoezi, na hiyo ni hatari. Tunaanza saa mbili asubuhi, kwa hiyo kutoka Mbagala naondoka saa kumi na mbili. Wawili niliokuwa nao waliacha kwa sababu ya nauli.

Kama mzazi wako yuko wodini kwa ajili ya moyo, uliza kabla hajaruhusiwa: mazoezi atafanyia wapi? Omba barua ya kumpeleka huko siku hiyo hiyo.

Kipimo cha mwisho nilipata mita 320 bila kusimama. Nyumbani sasa nabeba nusu ndoo kutoka bombani hadi jikoni. Mjukuu wangu hunifuata nyuma, mikono tayari kunipokea. Hajanipokea bado.